Dirisha Lisizibwe

Maneno haya aliyasema mama yetu mzazi, fundi wa fremu, siku ya Alhamisi, saa tisa alasiri, katika chumba kilicho nyuma ya karakana yake, siku tisa kabla hajatutoka. Tulikuwa watatu mbele yake: kaka yetu mkubwa, ambaye ni mkandarasi wa majengo, mimi, binti wa kati, na mdogo wetu wa mwisho, mwalimu wa shule ya msingi. Mama aliniamuru niandike kila neno na nisimsahihishe. Nimeyaandika kama alivyoyasema, katika daftari lake la vipimo vya vioo, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu na kitanda.

Kaeni, wanangu. Mkubwa, wewe vuta ile stuli, usikae kitandani, kitanda hiki hakijazoea uzito wa mkandarasi. Kitindamimba, weka simu chini, au ishike ukitaka, lakini usinipige picha. Nitakwambia baadaye ni nani mwenye haki ya kufanya hivyo. Na wewe wa kati, andika. Usinipambe. Nikikosea mwaka, uache ulivyo, utaweka wa kwako pembeni kama kawaida yako.

Najua mnasubiri nini. Mnasubiri niseme nani anachukua nini, na mmoja wenu anasubiri niseme ndiyo kwa jambo ambalo nimeshalikataa mara mbili. Basi nianze na hilo hilo, nikiwa bado na pumzi ya kukataa vizuri. Dirisha la duka langu halizibwi. Halijengewi tofali, halipakwi chokaa kwa ndani, halifunikwi na bango la milango ya chuma. Mengine yote tunaweza kuzungumza, hilo hapana.

Mmelikuta lile dirisha lipo, mkadhani lilizaliwa na nyumba. Halikuzaliwa na nyumba. Mwaka wa pili wa duka, bwana mmoja aliniletea picha niitilie fremu, picha ya wanawake wawili wamesimama mlangoni wanacheka, akasema atarudi kesho yake, na kesho hiyo ndiyo hii tunayoisubiri mpaka leo. Nilikaa nayo miezi minane. Nikaona niiweke dirishani, huenda atapita aikumbuke. Yeye hakupita. Waliopita ni wengine, wakaanza kusimama. Palikuwa na mama mmoja aliyekuwa akifua nguo za watu, kila asubuhi anapita na furushi lake kichwani, kila asubuhi anasimama, na furushi halimtikisiki. Siku moja akaniambia kupitia kwenye kioo, kwa sauti ya kawaida tu kama mtu anayesalimia, "Huyu wa kushoto anacheka ili asiulizwe." Nikaacha randa. Nikamwomba ruhusa, nikachukua kipande cha kadibodi, nikayaandika maneno yake kwa brashi, nikayaweka chini ya picha. Kesho yake walisimama watu sita. Mmoja alisoma, akaangalia, akasoma tena, akaondoka bila kuniaga, na nilipomtazama mgongo nikajua ana jambo la kwenda kumwambia mtu nyumbani.

Hapo ndipo nilipolielewa dirisha langu. Kwa miaka arobaini na minne, kila Jumamosi asubuhi, picha moja imeshuka na nyingine imepanda, na sentensi moja chini yake. Sikuruka hata Jumamosi moja, isipokuwa ile ambayo baba yenu alikuwa sebuleni ndani ya sanduku, na hata hiyo sikuiruka kwa kupenda.

Mnayajua masharti yangu, lakini semeni ukweli, mliyashika kama watoto wanavyoshika masharti ya kuosha miguu. Picha hainunuliwi ili ionekane. Inaokotwa, inaachwa, inaletwa, inaombwa. Nimeziokota kwenye takataka za studio iliyofungwa, zikiwa zimelowa, nikazikausha moja moja juu ya kamba kama soksi. Mchoraji wa mabango aliniachia michoro yake yote alipoanza kupoteza macho, akisema bora ikae kwa mtu anayejua kukata kioo. Baba yenu, aliyeishi kwa kupiga picha za vitambulisho, kila alipobakiza nafasi mbili tatu mwishoni mwa mkanda alitoka nje akazipigia chochote kilichokuwa kimetulia. Na sentensi haitoki kitabuni. Inatoka mdomoni mwa mtu aliyepo, mtu unayeweza kumwendea ukamwambia, "Nipe hilo ulilosema." Akikataa, umelikosa. Tena picha na maneno yasiseme kitu kimoja, kwa sababu yakisema kitu kimoja mpita njia ameshamaliza kazi kabla hajaianza. Yule mjane wa nyumba ya pili aliposema, "Nimezoea kuwa peke yangu, ila mkono bado unapima mchele wa watu wawili," nyote mlitaka niweke chini yake picha ya sufuria. Niliweka uwanja wa mpira uliokwisha kuondokwa na watu. Mjane mwenyewe alikuja akasimama pale nusu saa. Aliponiaga alisema, "Kumbe nilisema jambo kubwa hivyo."

Wapo walionichukia kwa hilo. Mwalimu mkuu mstaafu, jirani yetu, alinijia na miwani yake mkononi, na akishika miwani mkononi ujue amekuja kugombana. Akaniuliza, "Bibi fundi, kwa nini huandiki maneno ya watu wakubwa?" Nikamwambia, "Watu wakubwa wana watu wa kuwaandikia." Akasema, "Unawafundisha watu maneno ya mlevi?" Maana wiki ile ilikuwa sentensi ya mlevi wetu wa kona, aliyesema, "Nikiwa mzima hakuna anayeniuliza habari yangu." Nikamwambia mwalimu, "Umeisoma?" Akasema ameisoma. Nikamwambia, "Basi kamwulize habari yake, sasa hivi ni mzima." Hakwenda. Tumebaki hivyo miaka kumi na saba, tunasalimiana kwa kikohozi. Nikifa mwacheni aje, mpeni kiti cha mbele, lakini msimwombe msamaha kwa niaba yangu. Sikukosea.

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Sasa nakuja kwa yule bwana wa hoteli, mwenye viatu visivyotoa sauti. Mkubwa, ulimleta mwenyewe, ukampitisha karakana yangu nikiwa hospitali, akafungua makreti yangu, akachagua picha arobaini. Niliporudi akaja kunisalimia, akasema ni kazi nzuri sana, zitapendeza kwenye korido za vyumba. Nikamwuliza, "Na maneno?" Akasema, "Hapana, mama, vile vikaratasi hatutavihitaji, wageni wetu wanakuja kupumzika." Nikamwambia hata mimi nimepumzika maisha yangu yote mbele ya picha hizo na vikaratasi vikiwepo. Akacheka. Wewe hukucheka, mwanangu, na hilo nimekuandikia upande wa mema. Lakini ulikuwa umeshamwambia ndiyo. Na ndiyo yako haikuwa ya arobaini tu: zilizobaki ziende stoo, dirisha lizibwe, duka liwe chumba cha maonyesho cha ile milango ya chuma unayouza. Ulisema ni kwa sababu paa linavuja. Mimi ni mama yako. Paa linazibika kwa siku moja, nawe ndiye unayejua zaidi.

Kwa hiyo leo nitasema sababu yenyewe, mbele ya dada zako, kwa sababu wao wanaijua nusu, na nusu hiyo nimeipamba mimi.

Ulikuwa na miaka tisa. Tulipata kazi ya fremu nne kubwa, za kutundikwa ofisini, na mwenyewe alizitaka Ijumaa, na mbao ngumu zilikuwa zimekwisha kila mahali. Mbao iliyokauka vizuri kuliko zote katika nyumba hii ilikuwa mlango wa chumba chako. Niliung'oa mimi, si baba yenu kama nilivyokuwa nikisema. Nilifungua bawaba kwa bisibisi yangu, nikaupasua, nikaupiga randa, na ulipotoka shule ulikuta pazia. Chumba chako, mnakumbuka, kilikuwa kwenye njia ya wateja. Kila aliyekuja kupimisha kioo alipita mbele yake. Ulisimama pale katikati ya fremu ya mlango isiyo na mlango, na begi mgongoni, ukalia bila kupiga kelele, ukasema, "Nikikua nitakuwa na mlango ambao hakuna mtu atakayeung'oa."

Baba yenu alikuwa na nafasi mbili mwishoni mwa mkanda. Akainua kamera. Nawe ukainua mkono kujifuta uso. Na mimi, mama yako, nikasema... andika, wa kati, usinitazame, andika. Nikasema, "Usijifute kwanza, mwanga ni mzuri."

Ukashusha mkono. Ulikuwa mtoto msikivu. Picha ikatoka nzuri kuliko zote alizowahi kupiga baba yenu, na Jumamosi nikaitundika dirishani, na chini yake nikaandika maneno yako ya mlango. Watu walijaa mpaka barabarani. Jumatatu shule nzima ilikuwa inakuita Mlango. Jina hilo limekufuata mpaka sekondari, mpaka kazini. Hata vibarua wako wanakuita hivyo ukigeuka, usidhani sijui. Na ulipokua ukatimiza. Nyumba yako ina milango kumi na minne, nimeihesabu, hata kabati la fagio lina kitasa. Nikija kwako huwa najisikia mgeni wa benki.

Sikilizeni kosa langu lilikuwa wapi, maana miaka yote mmesikia nikisema sina kosa. Kutundika siyo kosa. Picha ile ilimfanya baba mmoja wa mtaa huu aende kumrudishia mwanawe kitanda alichokuwa amekigawa kwa mgeni. Alikuja mwenyewe kuniambia. Nisingeona haya mbele ya yeyote kwa picha ile. Kosa ni kwamba sikukuomba. Nilimwomba mama wa kufua. Nilimwomba mjane. Nilimwomba mlevi, tena nilimsubiri siku mbili mpaka awe mzima ili kibali chake kiwe kibali. Wewe sikukuomba, kwa sababu nilikuona wangu, kama nilivyouona mlango kuwa wangu. Watu wote wa mtaa huu walikuwa na haki ya kuniambia hapana, isipokuwa mtoto aliyekuwa akilala ndani ya nyumba yangu. Hilo limenikaa hapa, kwenye koo, miaka thelathini na minane, na nimelifunika kwa ukali.

Siombi ulisahau. Wala sitalia, kwa hiyo msiniletee leso. Nasema tu kwamba nilikukosea, na ninalisema kwa sauti ili liandikwe.

Ulinitaka niichome picha ile, nikakwambia nimeichoma. Nilidanganya. Mimi sijawahi kuchoma picha. Iko nyuma ya kabati hili, imegeuzwa ukutani, na fremu yake niliitengeneza kwa kipande cha mlango wako kilichobaki. Matundu ya skrubu za bawaba bado yapo pembeni, sikuyaziba. Ichukue. Ni yako, na maneno ni yako. Ukitaka kuichoma leo, kiberiti kipo hapo kando ya kitanda, na hakuna atakayekuzuia. Wala wewe wa kati, najua unavyopenda kuhifadhi, usithubutu kumshika mkono.

Lakini nyuma ya kabati kuna picha mbili. Hii ya pili wewe mwenyewe unaijua. Jumatatu ile ile uliporudi kutoka shuleni umeshaitwa Mlango, uliitoa kamera ya baba yako kwenye msumari, na mkanda mwingine uliokuwa ndani ulikuwa umebakiza nafasi moja. Nilikuwa napaka gundi. Nikakukaripia uirudishe, nawe ukanipiga picha katikati ya neno. Mdomo wazi, mishipa ya shingo nje, nywele zimejaa vumbi la mbao. Baba yenu alipoisafisha alicheka mpaka akakaa chini, akasema huyu ndiye mwanamke niliyemwoa. Mimi niliificha siku hiyo hiyo. Mwanamke aliyetundika nyuso za watu dirishani miaka arobaini na minne ameificha ya kwake nyuma ya kabati. Ndiyo maana nilimkataza Kitindamimba asinipige. Picha yangu ilishapigwa. Haihitaji nyingine.

Subirini... nivute pumzi.

Haya. Mgawanyo. Mashine ya kukatia pembe, randa, vibano na almasi ya kukatia vioo, hivyo ni vya Kitindamimba, kwa sababu ndiye mwenye mkono, hata kama anaupoteza kwa kusahihisha madaftari. Na simu yako, mwanangu, sina ugomvi nayo. Najua unazipiga picha zangu na kuzituma kwa watu ambao hatutawaona, na wengine wanakuandikia kwamba wamekaa na sentensi mchana kutwa. Vizuri. Dirisha lako ni kubwa kuliko langu. Ila sharti ni lile lile: omba kwanza, na mtu akisema toa, toa siku hiyo hiyo, usimwambie kwamba imependwa na wengi. Mimi nilimwambia kaka yako kwamba imependwa na wengi.

Makreti yote, na karatasi zilizo nyuma ya kila picha, nani alisema, nani alipiga, lini ilipanda, hizo ni zako, wewe wa kati. Usizipange upya. Wewe una ugonjwa wa kupanga. Ziache kwa mpangilio wa Jumamosi zilizopandia. Na ile ya wanawake wawili, ya kwanza kabisa, bwana yule akija hata akiwa na fimbo, mpe picha yake, mwambie fremu iko tayari.

Picha haziendi hotelini. Wakizitaka na maneno yake, kwa muda, na zirudi, mzungumze. Bila maneno, haiendi hata moja. Wageni wakapumzikie ukuta mtupu.

Na dirisha... dirisha ni la Mkubwa.

Msitazamane. Najua mlidhani nitawapa nyinyi wawili mnaolipenda. Nyinyi mtalitunza kama kaburi langu, mtaliwekea maua, na baada ya mwaka litakuwa na vumbi na heshima. Yeye analichukia, na anayelichukia ndiye aliyelisoma vizuri. Mkubwa, ufunguo huu hapa, uko shingoni, nisaidie kuuvua, vidole havinitii. Hapo. Amri yangu nimeitoa: lisizibwe. Siirudishi nyuma. Uwezo wa kuivunja nakuachia wewe, mlango huu siung'oi.

Ila Jumamosi ya kwanza baada ya kunizika utatundika picha moja, kwa mkono wako, siyo kwa mkono wa kibarua. Utanitundika mimi. Ile ya mdomo wazi. Na chini yake utaandika neno lolote nililowahi kusema, unalolichagua wewe. Baya kuliko yote ukitaka. Unalijua. Sikuombi unihurumie, na wewe huna haja ya kuniomba ruhusa, nimekupa mbele ya mashahidi wawili na daftari. Nitundike kama nilivyokutundika. Wacha watu wasimame wanitazame, mimi nitakuwa sina mkono wa kujifuta.

Baada ya hapo, fanya unavyoona.

Nimechoka sasa. Sogeeni. Hapana, karibu zaidi, siwaoni vizuri, mmekuwa kama picha iliyoingiwa na mwanga. Wekeni mikono hapa. Huyu ni nani? Mkono mgumu huu... ni wewe. Vizuri. Mungu awape macho yasiyopita haraka. Awape watu wa kuwaambia ukweli wakiwa na furushi kichwani. Mkigombana, gombaneni mkiwa mmekaa. Msitoane... msitoane nje.

Paa lile. Kitindamimba, mwambie kaka yako... alizibe. Mvua inakuja, na makreti ya chini...

Wa kati. Umeandika? Usisahihishe.

Hakusema tena siku hiyo, na katika siku zilizofuata alisema maneno ya kuomba maji na kuulizia makreti tu. Alifariki Jumamosi asubuhi. Dirisha halikubadilishwa siku ile.

Kaka alipanda kwenye paa Jumanne na kulirekebisha mwenyewe. Jumamosi iliyofuata alifungua duka kabla hatujafika. Tulimkuta ameshamaliza, amesimama nje upande wa pili wa barabara, mikono mifukoni. Picha ya mama ilikuwa dirishani, mdomo wazi. Chini yake, kwa zile herufi kubwa anazoandikia michoro ya majengo, palikuwa pameandikwa: USIJIFUTE KWANZA, MWANGA NI MZURI.

Watu walisimama kama kawaida. Muuza magazeti alisoma mara mbili, akavua kofia, akamwambia kaka, "Aliyeambiwa maneno haya alipendwa sana." Kaka hakumsahihisha.

Picha ya mtoto katikati ya fremu ya mlango haikuchomwa. Iko nyumbani kwa kaka, katika chumba chake cha ndani kabisa, na mlango wa chumba hicho hufungwa kwa ufunguo.

Ninapoandika haya, mama yetu na baba yetu hawapo. Mama aliyekuwa akifua nguo alifariki zamani, na mlevi wa kona alimfuata. Mjane wa nyumba ya pili yu hai, ila haoni vizuri, na husomewa sentensi na wapita njia. Mwalimu mkuu mstaafu yu hai. Alikaa kiti cha mbele, na hajakubali. Bwana wa hoteli yu hai na bado hupiga simu. Mwenye picha ya wanawake wawili hatujui. Kaka, mdogo wetu na mimi tuko hai. Kaka ametupangia zamu, na Jumamosi hii ni yangu.